Bunduki Iliyokutwa Ndani ya Gari: Nani Huhesabiwa Kuwa Nayo?

Barua tulizozichagua safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni silaha inayokutwa ndani ya gari mahali ambapo hakuna aliyeishika. Tatu zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani, na moja imetoka Mbeya. Majibu haya ni elimu ya sheria kwa jumla. Hayachukui nafasi ya wakili aliyelisoma jalada la kesi yenyewe.

SWALI: Shikamoo wakili. Familia yetu ilitoka kambi ya Nyarugusu tukaletwa Buffalo, jimbo la New York. Mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 22, alipewa lifti na vijana wawili walipokuwa wakirudi kutoka harusini Rochester. Polisi walilisimamisha gari kwa sababu taa moja ya nyuma haikuwa ikiwaka, kisha wakalipekua na kutoa bastola yenye risasi chini ya kiti cha mbele cha abiria. Mdogo wangu alikuwa amekaa nyuma ya kiti hicho. Gari ni la dereva, kiti cha mbele kilikaliwa na kijana mwingine, hakuna aliyesema kwamba bastola ni yake, na wote watatu wameshtakiwa. Polisi wanadai kwamba kitako cha bastola kilikuwa kimeelekea nyuma, kwenye miguu ya mdogo wangu. Yeye ana kadi ya ukaazi wa kudumu. Mtu anashtakiwaje kwa kitu ambacho hakukinunua wala kukishika? Je, tumwambie aeleze ukweli wote ili aachiwe? — *Dada, Buffalo*

JIBU: Marahaba dada yangu, na poleni nyote nyumbani. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu halisubiri. Mdogo wako asimsimulie mtu yeyote habari za usiku ule, awe polisi, mwendesha mashtaka au mahabusu mwenzake, mpaka awe ameketi na wakili wake; na kama Kiingereza chake hakijakaa sawa, adai mkalimani wa Kiswahili tangu kikao cha kwanza. Nanyi msimhoji kwa simu. Simu za mahabusu hurekodiwa, na mazungumzo ya Kiswahili hutafsiriwa kama ya lugha nyingine yoyote. Watu wengi wasio na hatia hujifunga kwa sentensi moja waliyoitamka kwa nia njema kabisa: “Niliiona pale chini, lakini si yangu.” Msemaji hudhani amejitoa, kumbe ameupa upande wa mashtaka sehemu ya kesi iliyo ngumu kuliko zote kuithibitisha, yaani kwamba alijua silaha ipo.

Sheria haimtazami tu mtu aliyekutwa na silaha mkononi au kiunoni. Humhesabu pia kuwa nayo mtu ambaye haijamgusa mwilini, iwapo ana uwezo wa kuitawala na ana nia ya kuitawala; ndivyo Mahakama ya Juu ya Marekani ilivyoeleza katika kesi ya Henderson ya mwaka 2015. Bastola iliyomo katika kabati la chumba ninachokifunga kwa ufunguo wangu ni yangu mbele ya sheria hata nikiwa kazini, na watu wawili au zaidi wanaweza kuhesabiwa kuwa na bastola moja kwa pamoja. Kwa hiyo hoja ya kwamba hakuinunua na hakuishika, ingawa ni ya kweli na ina uzito wake, haitoshi peke yake kuifuta kesi. Upande wa mashtaka unachotakiwa kuthibitisha, pasipo kuacha shaka ya msingi, ni kwamba alijua bastola ipo na kwamba ilikuwa chini ya mamlaka yake, ama peke yake au pamoja na wenzake. Kukaa karibu nayo ni ushahidi unaoweza kusaidia kuthibitisha mambo hayo mawili, lakini kukaa karibu si kuwa nayo.

Huenda unajiuliza kwa nini basi walikamatwa wote. Kukamata kunahitaji ushahidi mdogo sana kuliko kutia hatiani. Mwaka 1999, katika jimbo la Maryland, polisi walikuta kokeini nyuma ya egemeo la mkono la kiti cha nyuma na dola 763 katika droo ya dashibodi. Wanaume watatu waliokuwemo garini walinyamaza, na wote wakakamatwa. Mahakama ya Juu, katika hukumu ya Pringle ya mwaka 2003, ilisema kwamba ukamataji ule ulikuwa halali, kwa kuwa ilikuwa busara kudhani kwamba yeyote kati yao, au wote, walihusika. Hukumu ile ilihusu kukamata tu, na haikusema kwamba abiria ana hatia kwa sababu ya kiti alichokalia.

Sasa nifike mahali ambapo jimbo lenu linatofautiana na majimbo mengi. Sheria ya jinai ya New York ina kifungu kinachosema kwamba silaha ikikutwa ndani ya gari, kuwepo kwake hapo ni ushahidi wa kudhaniwa kwamba kila mtu aliyekuwemo wakati huo alikuwa nayo. Dhana hiyo haitumiki kwa gari la wizi wala kwa basi la abiria. Haitumiki pia endapo silaha imekutwa mwilini mwa mmoja wao, au endapo ni bastola na mmoja wa waliomo ana leseni halali ya kuibeba. Dereva wa gari la kukodiwa naye ana kinga yake, nitakayoieleza katika jibu linalofuata. Nje ya hayo, mwendesha mashtaka anaweza kwenda mbele ya baraza la wananchi linaloidhinisha mashtaka akiwa na mambo mawili tu, bastola inayofyatua na orodha ya waliokuwemo garini, na hayo yakamtosha kupata hati ya mashtaka.

Kesi iliyoijaribu dhana hiyo ilianzia kwenye barabara kuu ya New York, katika kaunti ya Ulster, mwezi Machi 1973. Gari lililokuwa likienda kwa kasi kupita kiasi lilisimamishwa. Ndani walikuwemo wanaume watatu na msichana wa miaka 16 aliyekaa mbele. Askari alipochungulia dirishani aliona kitako cha bastola kikitokeza katika mkoba wa msichana uliokuwa wazi, na mkobani mlikuwa na bastola mbili kubwa. Buti ilipofunguliwa kwa nguvu ikakutwa na bunduki ya rashasha na zaidi ya ratili moja ya heroini. Jopo, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, liliwaachia wote wanne kuhusu vitu vya kwenye buti, lakini likawatia hatiani wote kuhusu bastola za mkobani. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu iliikubali hukumu hiyo kwa kura tano dhidi ya nne. Jaji Stevens, aliyeandika kwa niaba ya walio wengi, alisema kwamba bastola zile zilikuwa kubwa mno kwa mkoba ule, zilionekana wazi, na haikuwa rahisi kuamini kwamba msichana wa umri ule ndiye peke yake aliyekuwa na mamlaka juu yake. Jaji Powell, kwa niaba ya wanne waliopinga, alisema kwamba kuwemo ndani ya gari hakutoshi kumfanya mtu adhaniwe kuwa na silaha iliyomo.

Mimi naona Jaji Powell ndiye aliyeyajua maisha ya watu jinsi yalivyo. Abiria hachagui kilicho chini ya kiti. Katika jamii zetu za wakimbizi na wahamiaji, ambako gari moja huwabeba watu wa nyumba tatu kwenda kazini, kanisani, msikitini na msibani, kuomba lifti ni jambo la kila siku, na sheria inayomdhania kila aliyepanda inawaangukia zaidi watu wasio na gari lao. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa vijana wanaofika mbele ya mahakama kwa njia hiyo ni wengi, na baadhi yao hukiri kosa ambalo halikuwa lao kwa kuogopa miaka ya kifungo.

Hata hivyo, isomeni hukumu ya mwaka 1979 kwa makini, kwa maana imeacha mlango wazi. Mahakama iliipitisha dhana hiyo kwa sababu jopo halilazimiki kuifuata. Jaji anatakiwa awaeleze wajumbe kwamba wanaweza kuikubali au kuikataa, hata kama mshtakiwa hakuleta shahidi hata mmoja, na kwamba mzigo wa kuthibitisha unabaki kwa upande wa mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho. Isitoshe, mambo yaliyowabana wale wanne, yaani bastola kuonekana waziwazi na mkoba usioweza kuzificha, hayamo katika kesi ya mdogo wako. Ya kwake ilikuwa chini ya kiti, usiku, katika gari la mtu mwingine.

Ndiyo maana kile kitako kilichoelekea nyuma kinastahili kutazamwa kwa karibu sana. Upande wa mashtaka utasema kwamba aliyekaa nyuma ndiye aliyeisukuma pale. Wakili aulize: je, chini ya kiti kile pana nafasi inayofikiwa kutoka nyuma, au pana chuma cha reli, nyaya na zulia lililoinuka vinavyoziba? Je, askari alikisogeza kiti mbele au nyuma kabla picha haijapigwa? Bastola iliyokaa juu ya sakafu yenye mteremko inaweza kugeuka gari linapofunga breki, na inaweza kugeuka pia mkono wa askari unapoitafuta gizani. Picha ilipigwa bastola ikiwa mahali ilipokutwa, au ikiwa imekwisha kuwekwa juu ya kiti? Majibu yake yamo katika video za kamera ambazo askari huvaa kifuani, na tangu Januari 2020 sheria ya New York inautaka upande wa mashtaka ukabidhi ushahidi wa namna hiyo kwa utetezi mapema, bila kungoja siku ya kesi kusikilizwa. Wakili aende pia akalikague gari lenyewe kabla halijauzwa au kutengenezwa. Katika kesi ya Blue ya mwaka 1992, mahakama ya rufaa ya shirikisho inayohudumia Virginia na majimbo ya jirani ilimwachia abiria aliyekutwa na bastola chini ya kiti chake mwenyewe, ingawa askari aliona bega lake likiinama kana kwamba anafikia chini. Majaji walisema ushahidi ule ulipungua, japo kwa kiasi kidogo tu. Kwenu hakuna hata habari ya bega lililoinama, angalau kwa maelezo uliyonipa.

Alama za vidole na vinasaba hupimwa mara nyingi. Zikikutwa za mtu mwingine, zinamsaidia. Zisipokutwa za mtu yeyote, msidhani ametoka, kwa kuwa shitaka hili halihitaji mtu awe ameigusa silaha. Yatakayotazamwa mengine ni kama ana picha za bastola ile kwenye simu yake, kama alikutwa na risasi za aina hiyo, kama alijaribu kukimbia, na alikaa ndani ya gari kwa muda gani kabla ya kusimamishwa. Andikeni sasa, wakati kumbukumbu ni mbichi, majina ya watu waliomwona akipanda gari lile Rochester, na nani alikuwa amekaa kwenye kiti kile kabla yake. Karatasi hiyo mpeni wakili peke yake.

Kuna hoja ya upekuzi pia, na hapa New York ina jambo jema. Kwa sheria ya shirikisho, tangu kesi ya Rakas ya mwaka 1978, ambayo nayo ilihusu bunduki chini ya kiti cha abiria, mtu asiyekuwa na haki juu ya gari hawezi kulalamikia upekuzi wake. Anaweza tu kulalamikia kule kusimamishwa, kama ilivyoelezwa katika kesi ya Brendlin ya mwaka 2007. Lakini Mahakama ya Rufaa ya New York, iliyo ya juu kabisa katika jimbo hilo, iliamua katika kesi ya Millan ya mwaka 1987 kwamba ikiwa upande wa mashtaka unategemea dhana hii peke yake kumfunga abiria, basi abiria huyo ana haki ya kupinga upekuzi. Haiwezekani silaha ihesabiwe kuwa yake kwa ajili ya kumshtaki, kisha isihesabiwe hivyo anapotaka kujitetea. Taa ya nyuma iliyozimika inaweza kuwa sababu halali ya kulisimamisha gari, lakini si ruhusa ya kuchungua chini ya viti. Polisi watatakiwa kueleza ni nini kiliwafikisha huko, kama ni ridhaa ya dereva, harufu, au kitu walichokiona. Wakikosa maelezo ya kutosha, na upekuzi ukakutwa kuwa batili, bastola yenyewe hutolewa katika ushahidi, na kesi hukosa mguu wa kusimamia.

Uzito wa kesi usifichwe. Kuwa na bastola yenye risasi nje ya nyumba au mahali pa biashara bila leseni ni kosa kubwa la daraja la C katika New York, na kifungo chake ni kati ya miaka mitatu na nusu na miaka 15. Kama bado yumo mahabusu, sheria inataka aachiwe endapo saa 120 zitapita, au 144 ikiwa mwishoni mwa juma au sikukuu imeingia kati, bila hati ya mashtaka kupitishwa wala kusikilizwa kwa awali kufanyika. Ana haki pia ya kutoa ushahidi mbele ya baraza linaloidhinisha mashtaka, kwa taarifa ya maandishi, ila uamuzi huo ni wa kufikiriwa sana na wakili.

Kwa kuwa yeye si raia, mwambieni wakili jambo hilo siku ya kwanza. Sheria ya uhamiaji inataja makosa ya silaha miongoni mwa sababu za kumwondoa mtu nchini, hata mwenye ukaazi wa kudumu. Kuna mabishano ya kitaalamu kuhusu kama vifungu fulani vya New York vinaingia katika sababu hiyo, na ndiyo sababu nawashauri mumwone wakili wa uhamiaji kando ya yule wa jinai kabla mdogo wako hajakubali kukiri kosa lolote, hata lililopunguzwa na kuonekana dogo. Tangu kesi ya Padilla ya mwaka 2010, iliyomhusu dereva wa lori mzaliwa wa Honduras aliyekuwa ameishi Marekani kihalali zaidi ya miaka 40, wakili wa utetezi ana wajibu wa kikatiba wa kumweleza mteja wake kama kukiri kunaweza kumfukuzisha nchini. Asipowaambia, ulizeni ninyi.

SWALI: Wakili, naendesha teksi usiku hapa Bronx. Abiria akiacha bastola kwenye kiti cha nyuma na polisi wakanisimamisha, nitafungwa kwa ajili yake? — *Dereva, New York*

JIBU: Ndugu dereva, ile dhana niliyoieleza hapo juu haikuhusu wewe maadamu una leseni ya kazi hiyo na ulikuwa katika shughuli yako halali ya kubeba abiria kwa malipo. Abiria waliomo bado inawahusu. Fahamu tu mipaka yake. Ukiwapa rafiki zako lifti ya bure baada ya zamu, hukuwa kazini, na kinga hiyo inaondoka. Pia kinga hii inaondoa dhana peke yake; kama upo ushahidi mwingine kwamba uliijua silaha na uliitunza, utashtakiwa kwa ushahidi huo.

Ukigundua silaha baada ya abiria kushuka, usiishike wala usiihamishe. Simamisha gari mahali penye mwanga, shuka, piga 911, ueleze kwamba wewe ni dereva wa teksi, kwamba silaha imeachwa kwenye kiti, na kwamba wewe uko nje ya gari. Maneno hayo ni kwa usalama wako pia, polisi wanapofika. Tunza kumbukumbu ya safari ile, yaani saa, mahali pa kumchukua abiria na pa kumshusha. Sheria ya New York inamtambua mtu aliyekuwa na silaha kwa muda mfupi bila hatia, kwa mfano aliyeiokota ili aikabidhi, lakini utetezi huo hudhoofika kila saa inavyopita. Anayeipeleka nyumbani akisema ataitolea taarifa kesho anajitia hatarini bila sababu.

SWALI: Mimi ni Mkenya, mwanafunzi hapa Houston kwa viza ya masomo. Ninashirikiana gari na mwenzangu ambaye ni raia wa Marekani. Bastola yake hukaa katika droo ya dashibodi, na yeye anasema Texas inaruhusu. Je, mimi nina tatizo nikiendesha gari hilo peke yangu? — *Mwanafunzi, Texas*

JIBU: Mwenzako amesema kweli kuhusu yeye mwenyewe. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 Texas inawaruhusu watu wengi wenye umri wa miaka 21 na zaidi kubeba bastola bila leseni. Lakini wewe unatawaliwa pia na sheria ya shirikisho, ambayo inamkataza mtu aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, ikiwemo ya masomo, asiwe na bunduki wala risasi. Ruhusa ya jimbo haiiondoi sheria hiyo. Upo msamaha, na unaojulikana zaidi ni wa mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa Marekani, ila usijaribu kuutegemea pasipo ushauri wa wakili. Adhabu yake ilipandishwa mwezi Juni 2022 kutoka kifungo kisichozidi miaka 10 hadi kisichozidi miaka 15, na juu yake kuna suala la viza yenyewe.

Pima hali yako kwa mambo yale yale mawili. Kuhusu ujuzi, barua yako imekwisha kumaliza ubishi: unajua bastola ipo na unajua inakaa wapi. Kuhusu uwezo wa kuitawala, ufunguo wa gari unao, droo haijafungwa, na hakuna mtu mwingine ndani. Kinachobaki kukulinda ni nia, yaani kwamba hukukusudia kuitumia wala kuiweka chini ya mamlaka yako, na hilo ndilo jambo ambalo watu 12 wa jopo wasiokujua watalikisia kwa kutazama mazingira. Mimi nisingemshauri mtoto wa ndugu yangu aendeshe gari hilo hata kwenda dukani.

Kesi inayokuhusu zaidi ni ya Rehaif ya mwaka 2019. Huyo alikuja Marekani kutoka Falme za Kiarabu kwa viza ya masomo, chuo kikamwondoa kwa alama mbaya, akabaki nchini, kisha akaenda kulenga shabaha katika uwanja wa kukodi. Mahakama ya Juu ilitengua hukumu yake kwa sababu upande wa mashtaka ulipaswa kuthibitisha kwamba alijua ana bunduki na pia alijua kwamba yumo katika kundi la waliokatazwa. Ni ushindi mkubwa kwa washtakiwa, lakini hauwezi kukusaidia sana wewe, kwa kuwa hadhi ya viza yako unaijua, na baada ya kusoma jibu hili katazo lenyewe unalijua pia. Mwombe mwenzako aitoe bastola pamoja na risasi kabla hujashika usukani. Ikishindikana, iwe ndani ya kasha lililofungwa ambalo ufunguo wake anao yeye peke yake, nalo likae nyumbani, wala si garini. Na mwaliko wa kwenda kulenga shabaha pamoja naye uukatae.

SWALI: Shikamoo mwanasheria. Mimi ni utingo wa lori la mizigo. Tulipekuliwa kizuizini tukitokea Tunduma, na polisi wakatoa bunduki iliyoviringishwa kwenye gunia chini ya godoro, kwenye kitanda kilicho nyuma ya viti. Dereva ameandika maelezo kwamba gunia lile ni langu. Kitanda hicho hulala yeye; mimi hulala juu ya mzigo. Nina hoja gani? — *Utingo, Mbeya*

JIBU: Marahaba. Hoja unayo, nayo umeiandika mwenyewe katika sentensi yako ya mwisho kabla ya swali. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania nayo inamhesabu mtu kuwa na kitu hata kisipokuwa mwilini mwake, na inasema kwamba mmoja wa watu kadhaa akiwa na kitu kwa ujuzi na ridhaa ya wenzake, wote huhesabiwa kuwa nacho. Yashike maneno hayo mawili, ujuzi na ridhaa, kwa sababu bila hayo hukumu haisimami dhidi yako. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Moses Charles Deo lililochapishwa mwaka 1987, ilieleza kwamba ili mtu aonekane kuwa na mali, lazima ithibitishwe ama kwamba alijua ipo na alikuwa na mamlaka juu yake, ama kwamba ililetwa kwa mwaliko na mpango wake ingawa yeye hakuwepo. Nani analala kwenye kitanda kile, nani anatandika godoro, nani anabaki na ufunguo wa kabini mnapokula njiani: hayo ndiyo maswali ya kesi yako, na matingo wenzako wanaozijua safari zenu wanaweza kuyajibu wakiwa mashahidi.

Kuhusu maelezo ya dereva, sheria ya ushahidi hairuhusu mtu atiwe hatiani kwa kutegemea peke yake maungamo ya mshtakiwa mwenzake. Lazima pawepo ushahidi mwingine wa kukuunganisha na lile gunia.

Kosa lenyewe ni zito. Kuwa na silaha bila leseni, kinyume cha sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, kunahesabiwa pia kuwa kosa la uhujumu uchumi, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2016 adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 20 wala kuzidi 30. Shauri la namna hiyo haliwezi kusikilizwa bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, na zipo kesi zilizobatilishwa kwa sababu kibali kilikuwa na kasoro. Wakili wako akikague mapema.

Kisha ombeni hati ya ukamataji mali. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamtaka askari anayechukua kitu katika upekuzi atoe stakabadhi yenye sahihi ya mwenye mahali au mhusika, na sahihi za mashahidi kama wapo. Shauri maarufu la Paulo Maduka na wenzake, la Mahakama ya Rufani, liliweka msisitizo kwamba njia ya kielelezo kuanzia kukamatwa hadi kufika mahakamani ionyeshwe kwa maandishi. Usiegemee hapo peke yake, kwa maana mahakama hiyo baadaye imelegeza kwa vitu visivyobadilishwa kwa urahisi, na bunduki yenye namba inaweza kuwekwa katika kundi hilo. Linganisheni namba iliyo kwenye hati na iliyo kwenye bunduki, na muangalie hati inasema gunia lilikutwa wapi: chini ya godoro la kitanda, au “ndani ya gari” tu. Kama imeandikwa chini ya godoro, basi hati ya polisi wenyewe inamtaja mtu anayelala hapo, na wakili wako amuulize aliyeiandika, mbele ya hakimu, kama aliwahi kuuliza kitanda kile ni cha nani.